Mwaka Tuliokandika Wawili

Juzi nilirudi Dunda kumzika shangazi, na mvua ikanikuta njiani. Harufu ya udongo mwekundu uliolowa ikanipanda puani, ndugu yangu, nikasimama uchochoroni nisiweze kuendelea. Nilikuwa na miaka minane tena.

Tuliishi wawili, mimi na Bibi aliyemzaa mama. Mama alikuwa ameshafariki, na baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge. Ilikuwa miaka ya vita, ile vita ya pili, mchele ukiuona dukani unadhani unaota. Bibi alijua kubana matumizi, acha tu! Kumbi la nazi aliliponda ncha likawa brashi ya chokaa. Wavu uliochakaa ukawa chekeche la mchanga. Ukimuuliza anajibu, "Haba na haba hujaza kibaba, mke mwenzangu." Mke mwenzake ndiye mimi, kwa utani wa bibi na mjukuu.

Sasa kila Shaabani, kabla ya kuingia Ramadhani, nyumba za udongo zilikandikwa upya. Mtu hakandiki peke yake. Unatuma mtoto mlango kwa mlango kuita watu, wanakuja na ndoo na majembe, watoto wanakanyaga udongo wakiimba, na mwenye nyumba anapika wali. Kwetu, palipokuwa kimya mwaka mzima, hiyo ndiyo siku pekee nyumba ilijaa. Niliingoja kuliko Idi yenyewe.

Mwaka ule wa miaka yangu minane Bibi alikuwa na mchele kidogo mtungini, akauonea uchungu. Jirani yetu, mama mmoja mpika vitumbua, akaja kutoa shikamoo na kuuliza, "Bi mkubwa, lini tunakandika?"

"Marahaba. Safari hii sitaki kusumbua watu, mwanangu. Tutajikongoja wenyewe."

Jirani alinitazama mimi, akamtazama Bibi. "Haya. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa." Akaenda zake bila kuketi.

Tulikandika siku tisa. Mimi nakanyaga, yeye anapaka. Makumbi tuliyakatakata tukayachanganya kwenye udongo ili ukuta usipasuke. Niliziimba peke yangu zile nyimbo za kukanyagia, nikifika pale wenzangu wanapopokea, hakuna wa kupokea, nikanyamaza. Ukuta ulitoka mzuri, sisemi uongo, na mchele ulibaki wote. Bibi alifurahi. Mimi nilikuwa na kinyongo.

Wiki haijaisha, tukasikia vigelegele kwa jirani. Wanakandika! Bibi akajifunga kanga, akachukua ndoo, akakaa barazani kumngoja mtoto wa kuja kutuita. Jua likapanda. Harufu ya wali wa nazi ikatufikia. Mtoto hakuja.

"Bibi, twende tu."

"Haiendwi bila kuitwa," akasema, akaingia ndani na ndoo yake.

Nililia, wallahi, kwa hasira na upweke. Hawakutuchukia, usidhani, salamu tulipewa vilevile kila asubuhi. Ila asiyeita watu amesema hana haja nao, nao walikuwa wamemsikia.

Shaabani iliyofuata Bibi alipika wali sufuria nzima, akanituma kuita mlango kwa mlango. Kila nyumba waliniambia inshallah. Nilirudi mbio kumwambia wanakuja. Alikuja jirani peke yake.

"Watu wamezoea kuwa unaweza mwenyewe, Bi mkubwa," akasema, wala si kwa ubaya. Tulikandika watatu, tukala watatu. Wali uliobaki ulilala.

Siku hizi Dunda kuta ni za matofali. Fundi anakuja na redio yake, anapiga plasta, anamaliza, anaondoka. Haitwi mtu, na hakuna anayeona ajabu. Watoto wa mtaa hawajui hata kwamba udongo ulikuwa na nyimbo zake. Mimi nazijua bado, lakini nimwimbie nani?

Bibi hakuweka tena akiba ya chakula mpaka alipokufa. Akipata mchele alipika mwingi, akaacha mlango wa mbele wazi, akaniambia nitandike mkeka mkubwa na kuongeza sahani nne za watakaopita. Baadaye niliziosha zote, maana aliniomba, ingawa nne hazikuwa zimeguswa.