Dole Gumba na Minazi Ishirini na Saba

Kilichoninyima usingizi kwa siku kumi na moja kilikuwa dole gumba la mzee mmoja. Nililiona kwa macho yangu likielekea kwenye karatasi yangu, limekwisha kupakwa wino wa zambarau, limebakiza upana wa kiganja kufika mahali pake. Hapo nikafungua mdomo. Dole likasimama hewani, likarudi lilikotoka, na mwenyewe akalifuta kwenye ukingo wa mkeka, polepole, kama mtu aliyeponea chupuchupu. Tangu siku ile kila nikilala nilijiuliza swali lile lile: nilisema yale niliyosema kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa nilipenda kujisikia nikiyasema?

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa nimerudi Mtwara na cheti cha chuo kutoka Uganda, suruali mbili za kaki, na saini niliyoifanyia mazoezi kwa miaka mitatu. Saini ile ilikuwa na mkia mrefu uliopinda chini ya jina lote na kurudi juu. Nikiwa peke yangu ilikuwa nzuri sana. Nikitazamwa tu, mkia ulikwenda ulikotaka wenyewe. Mwezi wa kwanza mtunza fedha wa boma alinirudisha mara mbili nilipokwenda kupokea mshahara wangu.

"Huyu wa leo," alisema akiinua karatasi kwenye mwanga, "na yule wa juzi hawajuani."

Bomani nilipewa kazi ambayo hakuna karani aliyeitaka. Ndani ya sefu mlikuwa na fedha ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua: ujira wa vibarua walioondoka kabla ya siku ya malipo wakati bandari inajengwa, akiba za askari ambao hawakurudi kutoka vitani, fidia za miti iliyokatwa kupisha barabara na reli. Zikikaa mpaka muda uliowekwa bila mtu kujitokeza, zilikuwa zinaingia mfuko wa serikali na habari yake imekwisha. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta wenyewe kabla muda haujafika.

Nilianza kisomi. Nikapiga taipu orodha ya majina, nikaibandika kwenye ubao wa nje, nikakaa dirishani kungoja watu wafurike. Wiki mbili hakuja hata mmoja. Karani mkuu, mtu wa Mikindani aliyekuwa bomani tangu mimi sijazaliwa, alinitazama akitafuna korosho zake, kisha akanihurumia.

"Bwana mdogo, orodha ikibandikwa pale, watu wanajua ni ya wasiolipa kodi. Umewatisha wote kwa mpigo mmoja."

Ilikuwa kweli. Mmoja wao, baada ya jirani kumsomea jina lake, alikuwa amekwisha kuvuka Ruvuma kwenda upande wa Mreno. Alikuwa anaidai serikali shilingi kumi na nane. Nilitumia siku nzima kupima kama nimfuate, au kama kumfuata kutamfanya aingie ndani zaidi. Jioni ikafika sijaondoka kitini.

Basi nikachukua baiskeli. Nikawa nawafuata watu majumbani, na kwa kweli wachache walipata chao. Ndipo nikakutana na jalada la msikiti.

Ulikuwa msikiti mdogo wa udongo na makuti, upande wa Mtawanya. Ulikuwa na shamba la minazi ishirini na saba, wakfu wa mwanamke mmoja wa pale. Nazi zilikuwa zikiuzwa na fedha kununua mafuta ya kandili. Barabara ya kwenda bandarini ikapita juu ya shamba, minazi ikakatwa, fidia ikahesabiwa na kuwekwa bomani. Ilikaribia mshahara wangu wa miezi mitatu na ushee. Msimamizi wa wakfu alikuwa amefariki, hakuteuliwa mwingine, na fedha zikakaa. Zilikuwa zimebakiza siku kumi na tatu tu.

Nilikwenda nikawakuta wazee, na nilipokelewa vizuri kuliko nilivyostahili. Jirani mmoja alikuwa akiuza minazi inayozaa, kwa bei ileile ya fidia, hatua chache kutoka kisima cha msikiti. Mzee aliyekuwa akitunza ufunguo wa msikiti alikubali kuwa mpokeaji. Nikafungua kijisanduku cha wino, akachovya dole lake. Hapo dhamiri yangu, ambayo huwa haina saa maalumu ya kuja, ikaja.

"Mzee, kabla hujaweka, ni haki yako kujua ibara ya sita ya fomu hii."

"Inasemaje?"

"Inasema akitokea baadaye mwenye haki zaidi, mpokeaji atazirudisha fedha zote. Yeye, au warithi wake."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini chuoni tulifundishwa kutoa mifano, nami nikatoa. Nilisema "tuseme" mara nne. Tuseme ametokea mrithi kutoka Lindi. Tuseme mpokeaji amekufa. Nikafika mpaka nyumba ya mtu kuuzwa.

"Mwenye haki zaidi ya nani?" mzee akauliza, dole juu. "Minazi ya wakfu ni ya Mungu."

"Ndiyo maana nasema, mzee."

"Kwa hiyo unataka niweke dole kwamba Mungu ni mimi?"

"La, mzee! Wewe unapokea kwa niaba yake."

"Niaba hiyo kanipa lini?"

Wenzake walicheka sana. Kisha wakaacha kucheka, wakaanza kutazama vidole vyao wenyewe, na nikaona kila mmoja anaviingiza ndani ya kanzu. Mzee akalifuta dole kwenye mkeka. Nilipoaga ilikuwa imeadhiniwa Isha, nikabaki kusali nao. Kandili ilikuwa imening'inia palepale, kavu. Kwenye kurukuu mtu alinigonga kichwa, akaniomba radhi baada ya salamu akidhani mimi ni shemeji yake.

Niliporudi ofisini nilifanya lile ninalolijua. Nilimwandikia Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, waraka wa kurasa sita juu ya iwapo Mwenyezi Mungu anaweza kuhesabiwa kuwa mdai. Ulirudi siku ya pili na maneno mawili yameandikwa pembeni kwa penseli: niletee mtu.

Karani mkuu aliusoma wote, akitafuna.

"Ukurasa wa nne ulikuwa wa nini?"

"Ni wa kupinga ukurasa wa tatu."

"Ahaa," akasema, akanirudishia.

Siku zikawa nane, zikawa sita. Nikakata shauri kumtafuta mwanamke aliyetoa wakfu, nikisikia yu hai na amehamia Msimbati kwa binti wa ndugu yake. Huko baiskeli haiendeshwi. Mchanga ule uliinyang'anya magurudumu mapema, nikaisukuma, kisha nikaibeba begani. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka kuchokoa pweza walisimama kunipisha.

"Imekufa?" mmoja akaniuliza.

"Hapana, mama. Inapumzika."

"Heri yake ina mwenyewe," akasema, nao wakaenda zao wakicheka mpaka sikuwasikia tena.

Bibi nilimkuta barazani anamenya muhogo wa kuanika. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanisogezea kigoda na kisu cha pili. Kwa hiyo nilimweleza habari yote huku namenya muhogo, vibaya, nikiondoa nyama pamoja na ganda. Nilimwambia, bibi, wewe ndiye uliyetoa, basi unaweza kupokea.

"Mjukuu wangu, nimpe Mungu minazi halafu nimnyang'anye?"

"Utapokea, kisha utatoa tena."

"Nipate thawabu mara mbili kwa minazi ileile? Utamdanganya nani, weye?"

Hoja ile ilinipendeza, nikatoa daftari langu kuiandika. Akanitazama nikiandika.

"Andika, andika. Na hili nalo liandike. Ile minazi niliitoa kwa ajili ya binti yangu. Alikufa hajafika miaka saba. Alikuwa mwoga wa giza, huyo! Hata kwenda nyuma ya nyumba mpaka nimshike mkono. Nikasema, basi awe na taa kila siku, hata mimi nikiwa sipo." Akatupa muhogo kwenye ungo. "Mafuta wananunua na nini siku hizi?"

Ningeweza kusema uongo mdogo. Nikamwambia kwamba hawanunui, kwamba wanasali gizani, na kwamba nilikuwako.

Kisu chake kikasimama kwenye muhogo.

"Mlipoikata, mlikwenda kumwuliza nani?"

"Sijui, bibi. Mimi nilikuwa chuoni."

"Kukata hakukutaka dole la mtu." Akachukua muhogo niliomenya mimi, akaugeuza, akaumenya upya. "Na hao wazee wanaogopa nini?"

Nikamweleza ibara ya sita. Safari hii bila mifano.

"Atakayekuja kudai ni nani? Mwenye kutoa ni mimi, niko hapa, na sidai. Watoto sina. Haya, nani?"

"Huenda mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote, bibi."

"Huyo mtu yeyote unamwogopa wewe. Wazee wamemjulia kwako."

Nikafunga daftari. Aliponisindikiza mpaka kwenye njia alinishika kiwiko, mkono wake una utomvu wa muhogo. "Wakizipata, waambie wasinunue mafuta. Mafuta yanakwisha. Wanunue minazi. Na fanyeni upesi, mimi sina miaka ya kungoja karatasi."

Njia nzima, baiskeli begani, nilimtafuta huyo mtu yeyote. Nilimpatia sura tatu, mmoja akiwa na kesi nzuri kabisa, lakini hakuna hata mmoja niliyeweza kumpa mama wala baba. Niliyemwona vizuri ni mtoto asiyetaka kwenda nyuma ya nyumba peke yake.

Zilipobaki siku mbili nilimwendea karani mkuu.

"Fomu ina nafasi ya mdhamini, chini ya mpokeaji. Mdhamini akiwepo, ndiye anayelipa, mpokeaji anapumua. Je, mtumishi wa boma anaweza kuwa mdhamini?"

"Hakuna kanuni inayokataza."

"Una hakika?"

"Walioandika kanuni hawakufikiria kwamba atatokea mtu kama wewe." Akakung'uta maganda ya korosho mapajani. "Unataka nikuzuie?"

Nadhani nilitaka. Hakunizuia. Nilihesabu: nikidaiwa na kukatwa nusu ya mshahara kila mwezi, nitakula muhogo na dagaa kwa miezi saba, na viatu vipya nivisahau. Nikahesabu tena nikitumaini kupata jibu baya zaidi la kunitoa njiani. Lilikuwa lilelile.

Ijumaa, baada ya sala, niliomba watu wa msikiti ule wakae kidogo. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nikaiacha mfukoni.

"Mzee," nikamwambia mwenye ufunguo, "wewe pokea. Akitokea wa kudai, nitalipa mimi."

"Utalipa na nini? Na baiskeli hii?"

"Na mshahara wangu. Mwezi kwa mwezi."

"Watoto wangu hawatafuatwa?"

"Hawatafuatwa. Atafuatwa mama yangu, anililie."

Wakacheka. Mzee akanyoosha kidole kwenye karatasi. "Haya, andika."

Nikatoa kalamu. Watu wazima thelathini walikuwa wameniinamia, na mkia wa saini yangu ukapanda juu, ukakata jina, ukaishia kwenye sehemu isemayo matumizi ya ofisi. Mzee akaichukua fomu. Kisha akatoa kutoka mfuko wa kanzu barua niliyowaandikia mwanzo ya kuwaita mkutano, akampa kijana wa pembeni yake azitazame saini zote mbili.

"Hazifanani," kijana akasema.

"Zote ni zangu," nikasema.

"Ndivyo asemavyo leo mwenye kukana kesho," mzee akajibu, bila ubaya. "Mwanangu, kalamu yako haikujui. Weka dole."

Cheti changu kilikuwa kimefungwa kwenye kioo nyumbani kwa mama, juu ya kitanda chake, na wageni wote walikuwa wakionyeshwa. Niliwaza wenzangu wa chuo. Niliwaza mtunza fedha atasema nini. Nilianza kuwaza jambo la tatu, na nikajua likiisha litakuja la nne, na kesho adhuhuri sefu itafungwa hesabu zake.

Nikachovya dole. Nikachovya kupita kiasi, wino ukashuka mpaka kwenye kifundo. Mzee akanishika mkono kama mtoto anayefundishwa kula kwa adabu.

"Usikandamize. Liviringishe. Hivyo. Inua sasa."

Likabaki pale, duara la zambarau lisilo na mstari hata mmoja. Akatikisa kichwa, akanirudishia mkono, tukapiga la pili pembeni, nalo likatoka vizuri. Kisha akachovya lake. Alipolifikisha hewani, upana wa kiganja kutoka kwenye karatasi, pale pale penyewe, akalisimamisha, akanitazama.

"Kuna jingine la kutueleza?"

Lilikuwapo. Ibara ya saba ilihusu idadi ya nakala, na nilikuwa na maoni juu yake.

"Hakuna, mzee."

Dole likashuka.

Mzee aliketi nyuma ya baiskeli, kwenye keria, mkono mmoja umeshika shati langu na mwingine ameuinua juu ili wino usiguse kanzu. Fedha hulipwa mpokeaji mwenyewe mkononi, na boma linafunga saa tisa. Nikakanyaga pedeli kabla sijaanza kufikiri.