Ng'ombe Waliolamba Maji ya Bafu

Nakumbuka asubuhi ile ng'ombe wa mama mkwe wangu, pale Samuye, walipogoma kwenda malishoni wakajazana nyuma ya bafu letu la mabati, wanalamba udongo.

Mwanangu, nimeona unafunga mizigo ya kwenda ukweni Ushirombo, na kopo la chumvi ya kuogea umelificha katikati ya khanga. Keti kidogo. Mimi nami nilikwenda na la kwangu, zawadi ya rafiki niliyesoma naye chuo. Kila jioni natia kiganja kwenye ndoo, naoga, natoka nanukia waridi. Shahada nilikuwa nayo. Akili ya kumwambia mtu ninaogea nini, sikuwa nayo.

Huku kwetu anayeogea chumvi anajitoa mikosi, au ni mchimbaji aliyeagizwa na mganga kabla hajashuka shimoni. Mawifi wakanong'ona kwamba nina ndagu, ile dawa ya utajiri inayodai uhai wa mtu wa nyumbani, na kwamba imeanza na ng'ombe. Kikao kikapangwa Jumapili baada ya misa, nirudishwe kwetu Kolandoto. Mama mkwe naye salamu yangu aliipokea huku akitazama ndoo.

Kisha nikaona chumvi inapungua kuliko ninavyotumia. Nikajua tu mama mkwe anampelekea mganga. Msomi mzima, nikalichora kopo alama kwa kalamu, nikaacha kunywa uji wake.

Jumamosi harufu ya waridi ikanivuta hadi jikoni. Nikamkuta mama mkwe ametumbukiza miguu kwenye beseni.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Siku ya kwanza nilitaka nione kama inaua," akasema, miguu haitoi. "Nilisema iniue mimi kabla ya mwanangu. Leo nimekuja kwa ajili ya magoti."

Nikamwambia ni chumvi na manukato, basi. Akacheka hadi maji yakamwagika, na ndama akaja kuyalamba. Kesho yake kikaoni, wifi alipotaja ndagu, mama mkwe alinyoosha mguu: "Ndagu yenyewe hii hapa. Nuseni."

Basi, mwanangu, kopo hilo ulifungue siku ya kwanza, mbele ya mama mkwe wako, naye umchotee. Na ukiona kwa mtu jambo usilolielewa, muulize mwenyewe kabla hujawauliza jirani. Uji wake unywe. Mungu akujalie nyumba ambayo ndoo yako haitakodolewa macho.

Ila kabla hujafunga begi, nichotee kiganja. Magoti yangu yameanza.