Maharagwe Yaliyovuka Ua

Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, na mvua ya kwanza ya Septemba ndiyo kwanza imekatika. Huku Bagira matuta yamelowa, na ziwa kule chini bado limefunikwa na ukungu. Mama Cibalonza amepiga magoti mbele ya ua wa matete nyuma ya nyumba yake. Anachimba kwa kidole, anatia punje moja ya haragwe, anaifukia taratibu, anapima shubiri mbili, kisha anachimba tena.

Kila anapofukia anahesabu kwa sauti, kwa Kifaransa, kama tulivyofundishwa sote shuleni. Anafika "quarante-trois", arobaini na tatu, na kukoma. Anakung'uta kona ya kikwembe, kitenge alichojifunga, labda kuna moja iliyojificha. Hakuna.

"Njo zote," anasema. "Miaka ingine nilikuwa napanda kilo munane. Leo niko na quarante-trois, na sijue ngapi itatoka."

Tangu mwaka 1972, serikali ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, karatasi zake zinamwita citoyenne, yaani raia, Cibalonza. Majirani na waumini wenzake parokiani hawajazisoma karatasi hizo. Kwao bado ni Mama Domitille. Ana umri wa miaka arobaini na minne, ni mjane, na kazi yake ni kufua mashuka katika hospitali moja mjini. Mshahara wake wa mwezi haununui gunia moja la unga wa muhogo. Kilichowalea watoto wake watano ni bustani hii, yenye urefu wa hatua kumi na mbili na upana wa hatua tisa.

Ukimuuliza mwaka una miezi mingapi atakujibu kwa mboga. Wiki tatu baada ya mvua ya kwanza ni lengalenga, yaani mchicha, inayojiotea yenyewe na kuchumwa ikiwa laini. Oktoba ni mushogoro, yale majani machanga ya maharagwe yanayopikwa na mawese kidogo. Krismasi ni nyanya. Januari ni maharagwe yenyewe, mabichi kwanza, halafu makavu. Februari jembe linarudi ardhini, mpaka mvua zinapoaga mwezi wa tano.

Kisha unafika mwezi wa sita na vumbi lake. Watu wengi huacha bustani zao wakati huo. Yeye hushuka kwenye kijito jioni akitoka kazini, akapanda na bidoni mbili za maji kwa ajili ya poro, kile kitunguu cha majani marefu, shu au kabichi, na karoti. Majivu ya kurutubishia anayapata bure kwenye tanuri za kuchemshia mashuka. Wenzake pale dobini wanasema yeye ndiye mfanyakazi pekee anayeondoka kazini na mzigo wa uchafu akiwa na furaha.

"Bugali ya moto, lengalenga, na sambaza kidogo," anasema, akimaanisha dagaa wa ziwa lile. "Nani atakuambia ule siku uko masikini?"

Lakini akizungumzia chakula kwa muda mrefu, macho yake yanahama Bagira. Yanaenda Walungu, kwenye jiko la mama yake, lenye moshi na mlango mfupi wa kuinamia. Huko alikula maharagwe ambayo, anaapa, hajawahi kuyaonja kwa mtu mwingine. Hayakuwa ya aina moja. Yalikuwa ya rangi kumi na moja, yakipandwa pamoja, yakivunwa pamoja na kupikwa chungu kimoja. Mvua ikizidi, punje za njano ziliiva vizuri. Mvua ikikosa, nyekundu ndogo zilivumilia. Hakukuwa na mwaka ambao chungu kilikosa cha kupikwa.

Mama yake alizipa punje hizo majina kama watoto. Yenye madoadoa ya kijivu iliitwa kanga. Nyeusi yenye shingo nyeupe iliitwa masœur, kwa kuwa ilifanana na watawa wa misheni na vilemba vyao.

Asubuhi ya harusi yake, mwaka 1958, mama alimwita jikoni. Alichota maharagwe kwa viganja viwili, akayamimina kwenye kona ya kikwembe kipya cha binti, akapiga fundo. Fundo hilo ndilo lililopanda lori pamoja na bibi harusi mpaka mjini.

"Aliniambia: mwanangu, bwana anaweza kukufukuza, nyumba inaweza kuungua. Ukiwa na hii, utapika," anakumbuka. "Na akaniambia mbegu haiuzwake. Inapewa."

Mama huyo alifariki mwaka 1976. Tangu hapo, binti anasema bila kuona haya, kila mvua ya Septemba ilikuwa kama kumwona tena. Alipanda, alichagua, alihifadhi. Mbegu zilikaa kwenye chungu cheusi juu ya dari ya jiko, zimechanganywa na majivu ili fukusi wasiziguse. Na alishaamua: Martine, kitinda mimba wake, akiolewa ataondoka na fundo lake.

Posa ya Martine ikaja Agosti mwaka huu wa 1984. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ilikuwa Jumamosi. Ukweni walituma habari kwamba watakuja watu wanane kuleta mahari. Asubuhi hiyohiyo watu wa mtaa waliitwa Salongo, kazi ya umma ya lazima, kufagia barabara, na anayekosa Salongo anajua kitakachompata. Mama Domitille akaacha sufuria zake kwa wifi yake Colette, aliyetoka Kavumu kuja kusaidia, akachukua fagio na kwenda.

Walikuja watu kumi na saba.

Colette ni mwanamke mchangamfu, hodari jikoni, na hakuna anayemlaumu. Aliona nyama haitoshi, viazi havitoshi, wageni wameshakaa. Akainua macho akakiona chungu juu ya dari.

"Niliona maharagi iko na majivu," anaeleza Colette, ambaye mpaka leo anaongea habari hii akitazama chini. "Na siye kwetu ya kula tunaitiaka majivu vilevile, juu ya badudu. Nikasema, Mungu asifiwe, wifi yangu ameweka akiba."

Akayaosha mara tatu, akayapika vizuri sana, kwa mawese na vitunguu.

Mama Domitille alirudi wageni wakiwa mezani. Alinawa vumbi la barabara, akachukua bakuli kuongezea wazee. Alipofika kwa mjomba wa kijana anayemposa Martine, alitazama ndani ya sahani. Rangi nyingi hupotea chunguni, lakini masœur hata ikipikwa hubaki nyeusi upande mmoja. Aliiona. Pembeni yake aliiona nyingine.

Kiangazi hakuna haragwe ardhini. Kilichokuwa kwenye chungu kile ndicho kilichokuwepo chote.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mwenyeji hakupona, na hakuruhusiwa kulia. Mzee yule alikuwa anasifu: maharagwe haya, mama, tangu utoto wangu sijala kama haya. Mama Domitille alijibu asante, akamwongezea kijiko.

"Ningefanya nini?" anauliza. "Nimunyanganye mugeni sahani? Nilimupa. Nikaketi, nikala na mimi. Ilikuwa tamu sana. Ilikuwa ya mama kabisa."

Alilia Jumapili, baada ya misa, mlango ukiwa umefungwa.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini akapanda gari kwenda Walungu kwa dadake Delphine, ambaye naye alirithi mbegu hizo. Delphine alimpokea vizuri na kumwonyesha ghala lake. Maharagwe yalikuwa meupe tupu. Wachuuzi wanataka rangi moja, Delphine alisema. Zile mchanganyiko aliziacha miaka minne iliyopita. Walitembea pamoja kwa majirani saba. Wengine walikuwa na mchanganyiko wao, lakini kanga haikuwemo, wala masœur.

"Martine aliniambia, maman, tununue tu ku soko," anasema. "Sikumukasirikia. Yeye hakukulia mu jiko ile. Lakini nililala nikiona kama mama amekufa mara ya pili."

Sasa ni lazima tumtaje Papa Marcellin, seremala, jirani wa upande wa pili wa ua. Ni Mrega wa Mwenga, mtu wa sombe, yaani kisamvu, na ndizi, na kwa miaka mingi amekuwa akiwatania majirani zake Bashi, watu wa kabila la Mama Domitille, kwamba maharagwe ni chakula cha wanafunzi wa bweni. Yeye na Mama Domitille hawakuwa maadui, lakini hawakuwa marafiki pia. Sababu ilikuwa ua huu.

Maharagwe ya Mama Domitille ni ya kutambaa. Yakishapanda matete hayaulizi mpaka wa mtu. Yanavuka na kuning'inia upande wa pili. Mke wa Marcellin, Mama Françoise, aliyachuma. Mama Domitille aliuita wizi. Mwaka 1979 walifikishana kwa mkuu wa mtaa, wanayemwita chef, naye, baada ya kunywa soda ya kila upande, aliamua: mzizi ni wa Domitille, kinachoning'inia ni cha Marcellin. Tangu siku hiyo Mama Domitille alipita uani kila Jumapili na kisu, akikata kila ncha iliyovuka. Salamu ilibaki ya kanisani tu.

Lakini kisu hakifiki kila mahali.

Siku iliyofuata safari ya Walungu, jioni akitoka kazini, alimkuta Papa Marcellin mlangoni. Habari za chungu zilikuwa zimeshavuka ua kabla yake. Mzee alikuwa amebeba kwapani ubao wake wa bao, ule anaouchezea kila jioni na shemeji yake, na ambao mlio wake Mama Domitille ameusikia miaka yote akiwa anamwagilia poro.

Mzee aliuweka ubao mezani. Ndani ya mashimo kulikuwa na kete sitini na nne. Ishirini na moja zilikuwa vijiwe na mbegu za porini. Zilizobaki zilikuwa maharagwe.

"Mama, sikukuibia," alisema Papa Marcellin. "Ilining'inia kwangu. Ya kula, Françoise alikula. Ile mizuri nilikatala ipikwe. Nilisema, hii rangi haiwezi kuingia mu tumbo, itacheza bao."

Walizimwaga juu ya meza na kuzitenganisha. Kulikuwa na kanga tano. Kulikuwa na za njano, nyekundu ndogo, za zambarau. Masœur zilikuwa tatu, zimeng'aa kwa kushikwashikwa. Rangi tisa kati ya kumi na moja.

"Ingine iko na miaka tatu mu mukono yangu," mzee alionya. "Sijui kama iko na uhai."

Mama Domitille anakiri kwamba alishindwa kusema asante. Alimwambia tu aketi, akamchemshia chai. Kesho yake alishuka kwenye kijito akaokota vijiwe arobaini na tatu, laini, vya ukubwa mmoja, akaviosha na kumpelekea mzee. Papa Marcellin anaendelea kulalamika mpaka leo kwamba vijiwe havikimbii shimoni kama maharagwe, na kwamba amefungwa michezo mitatu mfululizo kwa sababu hiyo. Shemeji yake ana maoni tofauti.

Hivyo ndivyo zilivyofika arobaini na tatu kwenye kona ya kikwembe, asubuhi hii ya Septemba.

Mwezi mmoja baadaye mwandishi alirudi Bagira. Ni saa kumi na mbili asubuhi tena, na mara hii bustani ni ya kijani. Lengalenga imeshavunwa mara mbili. Kwenye ua, mimea imeshika matete na kupanda mpaka kifuani. Ishirini na sita zimeota. Kumi na saba zimeoza ardhini. Kanga zimeota zote. Nyekundu ndogo hakuna hata moja, na Mama Domitille anaitaja kama anayetaja marehemu wa familia. Kati ya masœur tatu, imetoka moja.

Mwaka huu mushogoro hautaliwa hapa. Hakuna jani litakalochumwa, hakuna haragwe bichi litakaloonjwa. Harusi ya Martine imepangwa mwisho wa Januari, na Mama Domitille amekwisha kupiga hesabu: kila mmea ukimpa maganda kumi tu, viganja viwili vinapatikana, na kidogo cha kurudisha ardhini mwezi wa Februari. Martine mwenyewe sasa huja jioni na bidoni, mvua ikichelewa, ingawa hajaambiwa.

"Nitamupigia fundo mu jiko, palepale, sawa vile mama alinipigia," anasema. "Rangi ni tisa zilirudi, nane zilitoka. Ataondoka na nane. Ingine atatafuta yeye, ku bakwe zake, ku majirani. Asione haya ya kuomba."

Kutoka upande wa pili wa ua inasikika randa ya Papa Marcellin, kisha inakoma. Kichwa chake kinajitokeza juu ya matete.

"Mama Domitille, ile ya masœur iko inakuya kwangu," anasema. "Ikifika huku, unajua sheria ya chef."

"Ninaijua, papa."

Kisu chake cha Jumapili kimechomekwa kwenye mbao za jiko, na kutu imeanza kukishika. Mama Domitille anainama, anaushika kwa vidole viwili ule mmea mmoja wa masœur, mweusi shinani, anatafuta upenyo kati ya matete, na kuipitisha ncha yake polepole mpaka itokee upande wa pili. Anasubiri mpaka anahisi mkono wa Papa Marcellin umeipokea. Kisha anajipangusa udongo magotini, anachukua gauni lake la kazini kwenye kamba, na kwenda kufua mashuka.