Mlingoti Mwepesi

Horace Larter alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umtajie milingoti. Hapo ungejuta kumsalimia. Angekukamata koti akueleze kwamba njiwa wa porini, akirudi kulala jioni, hatui kwenye mti asiouamini, na hauamini mpaka aone mwenzake yuko kileleni ametulia, kifua kimeelekea upepo. Huyo mwenzake ni wa plastiki, chambo cha mwindaji. Kumfikisha kileleni ndiyo kazi yenyewe, na kwa kazi hiyo hakuna mtu katika vijiji vyote vya upande ule wa Norfolk aliyemfikia Horace.

Milingoti yake ilikuwa ya mianzi. Aliikausha juu ya dari ya banda lake mwaka mzima, akaikata vipande virefu kama mtu, na kila mwisho wa kipande akauvalisha bomba fupi la plastiki ili kipande kiingie kwenye kingine bila kucheza. Kisha akaipaka rangi ya matope, maana njiwa akiona kitu kinang'aa haji. Unamchomeka ndege wako kwenye ncha, unainua kipande cha kwanza katikati ya matawi, unaunga cha pili chini yake, unasukuma, unaunga cha tatu, mpaka ndege atokeze juu ya mti. Wengine walitumia fimbo za kuzibulia mitaro, wengine mabomba ya alumini ya antena za zamani. Hao wa alumini Horace hakuwapa nafasi hata ya kupumua.

"Nyie mnatega njiwa au mnatega radi?" aliwauliza kila mwaka, na kila mwaka alicheka peke yake.

Sasa mtu huyo, mwenye jina lake na mdomo wake, akafanya nini? Akatengeneza mlingoti wa alumini. Na akauficha.

Alifanya hivyo kwa ajili ya Lorna, bintiye. Lorna alikuwa dereva wa basi la shule, mwembamba kama mama yake, na tangu aachane na mumewe alikuwa akienda kuwinda na baba yake. Mianzi ilimlemea. Akifika kipande cha nne mikono ilimtetemeka, ndege akawa anayumba juu kama mlevi, na wanaume walioegemea mageti yao wakamcheka. Horace alichukia kicheko kile kuliko alivyoweza kusema. Akayatoa mabomba ya antena nyuma ya banda, akayakata, akayaunga, akapata mlingoti ambao hata mtoto angeuinua.

Halafu ikamjia aibu. Maneno yote aliyowahi kuwarushia wenzake yangemrudia usoni. Basi akakaa na utepe, akauviringisha kidogo kidogo kwenye yale mabomba, ukafanya mafundo kama ya mwanzi, akapaka juu yake rangi ileile ya matope. Enid, mkewe, alipomletea chai bandani aliushika akasema, "Huu mwanzi umenyooka kweli." Horace akanywa chai yake. Moyoni alikuwa ameshajiwekea sharti: mlingoti huu hautaenda popote penye nyaya za umeme. Akaona hilo linatosha.

Jumamosi za Februari, Bi Kerrison, aliyelima kabeji na njiwa wakazila, alikusanya wenye bunduki uani kwake, na kila kijisitu kikapata mtu wake, ili njiwa wakifukuzwa huku wasipate pa kupumzika kule. Mahali paligawanywa kwa bahati nasibu. Bi Kerrison alitia maganda matupu ya risasi ndani ya ndoo, kila ganda limeandikwa jina la kisitu, na ukishaokota umeokota. Kubadilishana kulikatazwa kabisa, maana ilipasa kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi kabla hajafyatua.

Lorna akaokota Kona ya Kunguru. Horace alipumua. Pale palikuwa na mialoni mitupu, nyaya hakuna hata za kuanikia nguo. Akaenda kwenye gari lake akarudi na furushi.

"Huu wako," alisema.

Lorna aliupima mkononi. "Baba! Umetia nini humu, manyoya?"

"Mwanzi ukikauka sawasawa ndivyo unavyokuwa," Horace alijibu, na hakumtazama usoni.

Clem Bunn, rafiki yake wa tangu utotoni, alikuwa ameegemea trekta akiipumzisha nyonga yake mbovu. "Mimi miaka yote naomba mwepesi, naambiwa nikale uji nipate nguvu," alisema. "Leo binti anapewa bure, na rangi juu."

"Wewe na nyonga hiyo wa kukupa ni kiti, si mlingoti."

"Nipe basi hicho kiti, bahili we! Nimeokota Kisitu cha Pampu, mwisho wa dunia."

Watu wakacheka, wakatawanyika.

Horace alikuwa wa mwisho kuondoka uani. Barabara ya kwenda kwenye kisitu chake ilipita kando ya Kona ya Kunguru, na alipokaribia akapunguza mwendo, apate kumwona bintiye akiinua ndege bila kutetemeka. Chini ya mwaloni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alimwona Clem anakula sandwichi.

Alisimamisha gari katikati ya barabara. "Clem! Unafanya nini hapo?"

Clem akaficha sandwichi kama mtoto. "Usianze, Horace. Lorna kanionea huruma. Kasema yeye ana miguu mizima. Ukimwambia Bi Kerrison sisi si marafiki tena."

"Yuko wapi?"

"Si yuko Kisitu cha Pampu! Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Kwenye Kisitu cha Pampu nyaya za umeme mkubwa zilikata pembeni mwa miti kwenda kwenye nyumba ya mashine ya kuvutia maji, na zilipita karibu sana na vilele, na mimea ya kutambaa ilikuwa imeificha nguzo nzima. Kila mtu alilijua jambo hilo. Lorna pia alilijua. Ila Lorna alidhani ana mwanzi mkononi.

Alipiga simu. Haikuita, Lorna huizima akiwa mawindoni. Kwa barabara ilibidi azunguke hadi daraja la kanisani, na njia yote ilikuwa matope. Kukatiza shambani kulikuwa karibu zaidi. Akaliacha gari mlango wazi, akashika njia ya shambani.

Mtu wa umri wake hana biashara ya kukimbia kwenye kabeji. Alijikwaa, akainuka, akajikwaa tena. Bunduki zilianza kulia kwenye visitu vya mbali, akajua njiwa wameanza kurudi. Alijilaani kwa kila neno alilolijua, na akayarudia. Angesema tu! Pale uani, mbele ya watu, angesema tu ni alumini, wakamcheka wiki nzima, yakaisha!

Alipotokeza kwenye ukingo wa mfereji mkubwa alimwona. Lorna alikuwa ng'ambo, amempa mgongo, na mbwa wake Moss amekaa kando yake. Vizuia sauti alivyovaa kwa ajili ya bunduki vilimfunika masikio yote mawili. Njiwa wa plastiki alikuwa ameshafika katikati ya matawi, anapanda vizuri, hatikisiki hata kidogo. Juu yake, upande wa kushoto, nyaya.

"Lorna! Weka chini! Lorna!"

Upepo ulimrudishia sauti yake mwenyewe. Lorna aliinama, akachukua kipande kingine, akakiunga, akasukuma. Ndege akapanda. Horace alipunga mikono, akavua koti akalipunga, akaokota bonge la udongo akalirusha, likaanguka majini. Lorna alirudi nyuma hatua, akainua uso kutazama ndege wake, akaona bado hajafika. Akausimamisha mlingoti kwenye panda ya tawi ili asiuachie uanguke, mkono mmoja umeushika, mwingine unapapasa chini kutafuta kipande cha mwisho.

Horace aliingia mfereji.

Maji ya Februari yalimfika kifuani, na baridi ikamkata pumzi hata akashindwa kupiga kelele tena. Tope la chini lilimshika buti moja likagoma kuliachia. Alivuta mguu, akaanguka mbele, akaenda chini na kofia yake, akaibuka anakohoa maji.

Moss ndiye aliyesikia. Alinyanyua kichwa, akateremka mbio hadi ukingoni, akabweka kama amevamiwa. Lorna alimpigia mbinja. Mbwa hakurudi. Lorna akageuka kwa hasira, kipande cha mwisho mkononi, na akaona kichwa cha baba yake kikielea katikati ya mfereji.

Aliuachia mlingoti ulipo akakimbia.

"Baba! Shika! Shika hii!" Alilala kifudifudi kwenye nyasi akamnyooshea kile kipande alichokuja nacho, Horace akakishika kwa mikono miwili, na Lorna akavuta hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Buti likabaki matopeni. Horace alikuwa bado magoti yamo majini, anajaribu kusema, meno yanagongana, upepo ulipompiga njiwa wa plastiki kule juu. Mlingoti ukateleza kwenye panda. Ukainama taratibu upande wa kushoto, kama mtu anayesinzia.

Mwanga ulikuwa wa samawati, na mshindo wake Horace aliusikia tumboni. Njiwa wote wa visitu vyote waliruka kwa pamoja. Cheche zilimwagika kwenye majani makavu, ndege wa plastiki akaanguka anawaka, na ile mashine ya maji iliyokuwa ikinguruma usiku na mchana tangu Lorna hajazaliwa ikanyamaza. Taa za kijiji, kule ng'ambo ya kabeji, zikazimika zote.

Lorna alikuwa amelala juu ya baba yake bila kujua amefikaje pale.

"Usiende huko," Horace alisema. "Usikanyage kule hata kidogo. Tukae hapahapa."

"Siendi. Nani aende?" Alitoa simu, akaiwasha, akawaeleza watu wa dharura mahali walipo, na kwamba mtu asikaribie miti. Sauti yake ilikuwa ile ya basini, ya kuwatuliza watoto. Alipomaliza ndipo alipomgeukia.

"Na wewe umeingia mferejini kufanya nini? Ungekufa humo! Nani kakwambia niko huku?"

"Clem."

"Clem na mdomo wake." Alivua koti lake kavu akamvisha, akamfunga vifungo mpaka shingoni. Alikuwa anacheka kidogo. "Umekuja kunizuia nisipigwe na umeme, halafu uzame wewe. Ningemwambia Mama nini?" Akatazama kule kwenye miti, ambako moshi mwembamba ulikuwa bado unapanda. "Lakini mwanzi, Baba. Sikujua mwanzi unaweza kufanya vile. Labda mvua ya juzi iliingia kwenye viungo. Ukilowa ndani inawezekana, eti?"

Hakuwa akimtega. Alikuwa anamuuliza fundi wake, kama alivyomuuliza tangu akiwa mdogo. Horace alihitaji kusema ndiyo tu. Mvua ingebeba lawama, na Clem angebeba nyingine kwa kubadilishana, na mabaki yaliyoungua hakuna ambaye angeyachunguza sana. Alilitamani neno hilo kuliko alivyotamani moto wa jikoni kwake.

"Si mwanzi," alisema.

"Nini?"

"Ni alumini. Mabomba ya antena. Niliupaka rangi usijue. Nilitaka uwe mwepesi, kisha nikaona haya watu wasije wakanicheka."

Lorna alikitazama kipande alichomvutia, kilichokuwa bado kati yao kwenye nyasi. Alikiinua, akakipima mkononi kama alivyofanya uani, akakiweka chini polepole. Uso ulikuwa umempauka kabisa.

"Nilisimama pale chini nikaziona nyaya," alisema. "Nikasema moyoni, ziko karibu mno, niondoke. Halafu nikasema, hapana, huu mwanzi ni wa Baba, umekauka mwaka mzima. Nikasukuma."

Horace alianza kulia, mdomo wazi, bila kujificha. Lorna alimwacha alie. Moss alizunguka kati yao, hajui aende kwa nani.

"Utamwambia Mama wewe mwenyewe," Lorna alisema mwishowe.

"Nitamwambia."

"Na Clem. Na Bi Kerrison. Na wote wale uani, mmoja mmoja."

"Nitawaambia."

"Inuka basi, utaganda."

Hakumpa mkono. Alitangulia kwenye ukingo wa mfereji kuelekea barabarani, mbwa nyuma yake, na Horace akafuata na buti moja. Walipofika getini Lorna alisimama kumsubiri, lakini hakugeuka.