Sayari Mbili za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipokimbia Beni na kuja kukaa kwangu Bulengera, alileta begi moja na kompyuta. Hata sufuria hakuleta. Mtu anakimbia vita bila sufuria! Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Tulikuwa hatujaonana miaka mingi, na siku hizi huku kwetu mtu akipotea miaka mingi kisha akarudi, watu huuliza alikuwa porini na akina nani.

Mgeni akilala kwako, lazima umtangaze kwa shefu wa avenue, mkuu wa mtaa. Nilikwenda. Mzee yule aliweka kikombe chake chini, akaniuliza, "Ule mudogo yako, unamujibia?"

Kumjibia mtu, yaani kumdhamini, si mchezo. Akigeuka kuwa mbaya, nyumba itakayochomwa ni yako. Nikamwomba aningoje mpaka Jumapili, baada ya ibada.

"Sawa. Mais kama haumujibie, ataondoka."

Basi nikaanza kumchunguza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nilimpa kweli. Alipokuwa akipalilia maharagwe nyuma ya nyumba, nilifungua begi lake: nguo, waya, Biblia. Alipomaliza akarudi kujifungia na kompyuta yake, pazia limeshushwa. Nilimpelekea chai, nikaona kioo cheusi, vidoa viwili vikizunguka na kuacha mistari nyuma, namba zimejaa pembeni. Ramani za namna hiyo tumezizoea kwenye simu: hapa wameingia, hapa wamepita, hapa wamechoma. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na chai yangu nikaijutia.

Ijumaa alikwenda kuchota maji, nami nikaingia. Nilibonyeza mahali pamoja tu. Kidoa kidogo kikachomoka, kikatoka kwenye kioo, kikaenda zake. Nilidhani nimewatumia ishara watu wake.

Alirudi, akatua bidoo la maji, akatazama kioo, kisha akanitazama mimi, dada yake mkubwa.

"Yaya, ni nani aligusa masini yangu?"

"Ni miye. Na weye uniambie, ni batu gani uko nafuata mule?"

Alicheka, lakini bila furaha. "Batu? Ile ni sayari, yaya. Ni mchezo ya mbingu, niko natengeneza."

Alikuwa anahangaika, akasema, kuzifanya sayari mbili zizungukane bila kugongana wala kupotezana. "Kwanza nilipatia moja tu vitesse, ile mbio yake, ingine nikaiacha yenye kusimama. Donc zote mbili zikaenda, zikatoka mu écran. Lazima zote zitembee, kila moja upande yake, ile nzito polepole." Akanionyesha kwa kidole mahali zinapopazunguka. Palikuwa katikati yao, patupu, hapana kitu.

Mimi nilikuwa bado natafuta uongo machoni mwake.

"Yaya," akasema taratibu, "nilikuona mu dirisha unafungua begi yangu. Kule Beni, ni jirani yetu ndiye alituonyesha kwa bale batu ya porini. Tangu nifike hapa, nalala na viatu."

Nilisikia aibu. Na hasira pia: mimi, dada yake, niliyembeba mgongoni! Nilivuta kiti, tukaanza kuzipanga upya sayari zake, yeye akiandika namba, mimi nikimwambia hii bado inakimbia, ipunguze. Zilituchosha, lakini mwishoni zilikubali.

Jumapili shefu alikuja. Nilimjibu kabla hajakaa. "Namujibia, papa."

Akaridhika, akamgeukia mdogo wangu, akamtania, "Na weye? Yaya yako, unamujibia?"

Mdogo wangu alinitazama. Alikawia sana kujibu. Mimi niliyemngojesha shefu mpaka Jumapili sikuwa na haki ya kukasirika. Nilikasirika.