Mapipa Manane ya Kijani

Fundi Mkuu, kama walivyomwita wote waliowahi kuharibikiwa na gari mtaa ule, alikuwa na miaka ishirini na miwili ya gereji na maonyo mawili ya mazingira. La kwanza alilipata kwa kumwaga oili chafu mtaroni. La pili, kwa kuikusanya kwenye mapipa yasiyo na maandishi. La tatu lingekuja na kufuli la getini, na leo afisa alikuwa anakuja saa nne.

Safari hii hakuwa na wasiwasi hata chembe. Jana yake aliandika kila pipa kwa chaki: oili chafu, maji ya rejeta, mafuta ya breki, mafuta ya taa ya kuoshea vipuri. Vikichanganyika, mnunuzi wa oili chafu hagusi. Akalala usingizi wa pono.

Saa tatu na nusu alimkuta mkewe gereji, brashi mkononi, madoa hadi kwenye nyusi, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Mgeni hapokelewi na mapipa ya kutu, alieleza. Yote manane yalikuwa ya kijani, na chaki yote ilikuwa chini ya rangi.

Fundi alicheka, maana kulia kungechukua muda. Akaanza kufungua vifuniko na kunusa. Afisa alipoingia, kichwa cha Fundi kilikuwa ndani ya pipa la tano.

Akamwaga ukweli wote. Afisa, mama asiyecheka ovyo, akachukua daftari la taka la gereji, lililoorodhesha mapipa kwa mpangilio na ambalo Fundi kwa haraka alilisahau, akamfunga macho kwa kitambaa, akamwambia anuse.

“Breki,” alisema Fundi. “Ya mwisho kumiminwa ni ya ile pikapu ya muuza mchanga, Jumanne.”

Daftari likasema vivyo hivyo. Akayapata yote manane, mkewe akirukaruka kama mtoto.

“Pua unayo, mzee,” afisa alisema. “Na siku ukipata mafua?”

Mkewe akafungua kopo la rangi nyeupe. Mume akanusa, mke akaandika, herufi kubwa zenye mikia ya madaha. Afisa akasubiri hadi la mwisho, kisha akatia sahihi kibali. Fundi alifurahi hata akamkumbatia mkewe na rangi yake mbichi.

Jumatatu iliyofuata aliamka na mafua ya kukata na shoka. Akasimama mbele ya mapipa na karai lake la oili chafu, hasikii harufu ya chochote. Akapiga chafya, akausoma mwandiko wa mkewe polepole, akamimina panapostahili.