Mwanagenzi wa Mbalamwezi

Mara ya kwanza Orpah Nyatichi alipokwenda kwa Fundi Faruk, alimkuta ameketi juu ya kreti la soda akinywa chai. Banda lake liko karibu na ufuo wa Sindo, na tangu ahamie huko kutoka Pwani, miaka mingi sasa, ndiye anayetengeneza injini za boti za wavuvi. Siku hiyo hapakuwa na injini hata moja. Spana zilining'inia ukutani, safi, kama vyombo vilivyotengewa wageni.

"Shikamoo, mzee. Nimemaliza shule. Natafuta mahali pa kujifunza ufundi."

"Marahaba. Unaona kazi hapa, binti?"

"Sioni."

"Sasa nikufundishe nini, kunywa chai?"

Orpah aliondoka akiamini kwamba kazi ya mzee huyo imekufa. Alikuwa ametoka Kegonga, kwenye mahindi, na mambo ya ziwa hakuyajua. Akaomba nafasi katika gereji moja ya pikipiki mjini Migori, akajibiwa aende baada ya wiki mbili, siku ya Jumatatu. Moyo wake ulikuwa kwenye injini za boti. Lakini wazazi walikuwa wameshasema: asipopata fundi wa kumchukua mwezi huo, arudi shambani.

Shangazi yake Mellen, aliyekuwa akiishi naye hapo Sindo, alimcheka huku akianika omena.

"Wewe ulienda wakati wa giza! Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwaka taa haifai kitu. Kukiwa na giza, injini zote ziko ziwani. Nani ampelekee Faruk? Ngoja mwezi ujae, boti zipumzike, uone kama atapata hata nafasi ya kumeza mate."

Orpah akangoja. Mwezi ulijaa Jumapili, siku moja tu kabla ya miadi ya Migori. Asubuhi hiyo alikuta injini zimepangwa hadi nje ya banda, na wenyewe wakigombania zamu. Faruk hakumuuliza jina. Alimsukumia mkebe wa petroli na brashi.

"Safisha plagi."

"Fundi, umeleta mtu wa kupika chai?" akadakia mvuvi mmoja, Obare.

"Chai yako utapikiwa kwako," Faruk akasema bila kuinua kichwa.

Orpah alitaka kuonekana mwepesi. Akafungua plagi za injini ya kwanza, ya pili na ya tatu, akazitumbukiza zote katika mkebe mmoja. Zilipong'aa ndipo akagundua kwamba hajui ipi ni ya nani.

Obare alipoinama na kuona, akapaza sauti. "Zangu nimenunua juzi! Faruk, leo unanipa makuukuu ya watu?"

Wengine wakasogea. Mvuvi akishahisi amebadilishiwa kifaa, habari hufika hadi ufuo wa Kisegi kabla yake.

Orpah akasimama, mikono ikichuruzika petroli. "Si fundi. Ni mimi nimezichanganya. Hakuna iliyofungwa bado. Njoo uchague zako, baba, mbele ya wenzako."

Obare alichagua huku akinung'unika. Wenzake wawili wakakubali zilizobaki. Faruk alingoja wamalize, kisha akamwekea Orpah vifuniko vya ndoo chini, kimoja mbele ya kila injini.

"Kila injini na sahani yake. Hata watoto hawali pamoja wakiwa wanagombana."

Alifanya kazi hadi jua likazama. Alipokuwa akinawa, Faruk akamwambia, "Kesho uje mapema."

"Kesho nimeitwa Migori, gereji ya pikipiki." Akasita. "Na huku, mwezi ukiisha, si utanirudisha nyumbani?"

"Mwezi ukiisha ndipo nitaanza kukufundisha. Wiki hii nakutumia tu, sina muda. Kukiwa na giza nafungua ile injini yangu mbovu pale, nati moja moja. Wanaotaka kazi huja sasa, na wote hukimbia likija giza."

"Mimi sitakimbia."

"Maneno hayo nimeyasikia."

Orpah akakausha mikono kwa sketi, akatoa simu, akapiga Migori palepale, Faruk akisikiliza. Mwenye gereji alisema asipofika, nafasi atampa kijana mwingine.

"Mpe," akasema Orpah.